Kitambaa Cheupe cha Narung'ombe

Kazi yangu ya kwanza ya mshahara ilikuwa kuzuia fisi wasile ndege. Wajukuu wangu wakisikia hivyo hucheka mpaka wanashika mbavu, nami huwaacha wacheke, kwa sababu hata mimi nilicheka siku nilipoambiwa. Lakini ni kweli. Ndege ndogo ya zamani zile ilikuwa mbao, mabomba membamba ya chuma na kitambaa kilichopakwa dawa, na magurudumu yake yalikuwa ya mpira. Fisi wa Nachingwea waliupenda mpira ule kuliko mfupa. Ukiiacha ndege uwanjani bila boma la miiba, asubuhi unaikuta imepiga magoti.

Mwenye ndege alikuwa Mzungu, mpimaji wa ardhi. Alikuja na watu wa mpango wa karanga, wakati Nachingwea ilipojaa matrekta na mahema. Mpango ulipokufa wenzake walifunga mizigo, yeye akabaki kupima barabara na visima. Ndege ilikuwa mali yake mwenyewe. Aliinunua kwa mtu aliyekuwa anarudi kwao. Ilikuwa na viti vitatu, viwili mbele na kimoja nyuma, na mabawa yake yalikaa juu ya kichwa kama paa la kibanda. Tulimwita Bwana Mpimaji. Kiswahili chake alikiokota kambini na hakukipangusa vumbi hata siku moja.

Mimi nilikuwa nimetoka nyumbani kwetu Chiola, kijana wa miaka ishirini na kidogo, nimehitimu Kurani na kusoma hadi darasa la nne. Bwana Mpimaji aliniuliza swali moja tu.

"Wewe nakunywa pombe?"

"Dini yangu hairuhusu, bwana."

"Basi wewe nakaa na petroli."

Ndivyo nilivyopata kazi. Kila siku baada ya sala ya alfajiri niliondoa miiba, nikafungua kamba zilizoishika ndege chini, kisha nikakinga petroli kidogo kwenye chupa ya kioo na kuinyanyua juani. Maji yakiwamo hukaa chini, duara dogo kama jicho la kuku. Petroli yote tuliichuja kwa ngozi laini, kwa sababu tone moja la maji huweza kuzima injini angani. Nilipitisha kiganja juu ya mabawa, shubiri kwa shubiri, nikitafuta palipochanika. Nilichokoa tope la nyigu kwenye kibomba kidogo kinachoonja upepo ili rubani ajue mwendo wake. Pakichanika nilishona, nikabandika kiraka, nikapaka dawa iliyonukia kama ndizi zilizoiva kupita kiasi. Mpaka leo siwezi kukaa karibu na mkungu wa ndizi mbivu.

Bwana alipotaka kuondoka, mimi ndiye niliyelizungusha pangaboi la puani mwa ndege kwa mikono miwili. Nasema bismillahi, nasukuma chini kwa nguvu, naruka nyuma. Injini inakohoa mara mbili tatu, halafu inashika.

Sokoni watani zangu hawakuniacha.

"Mchunga ndege! Leo ametaga mangapi?"

"Matatu. Nenda ukayatamie, una joto la kutosha."

Baada ya miezi kadhaa Bwana alianza kunichukua safarini, nimshikie mnyororo wa kupimia na kumlindia ndege tukilala nje. Mara ya kwanza nilisoma Ayatul Kursii mara tatu kabla magurudumu hayajaacha ardhi, na mara nne baada ya hapo. Nilipofumbua macho niliona mashamba yetu madogo kama mikeka iliyoanikwa, na vijia vyembamba kutoka nyumba hadi nyumba. Nilijiuliza kwa nini tunagombana sana huko chini. Nilikuwa kijana.

Sasa niseme habari ya kitambaa, kwa sababu ndiyo niliyokaa kuiandika.

Siku moja tulitua Chiola, kwetu, kwenye kiwanja kilichofyekwa na watu wangu. Juma moja kabla kilikuwa safi. Lakini usiku uliotangulia muhanga, yule mnyama mla mchwa, alichimba shimo katikati, nasi kutoka juu hatukuliona. Gurudumu liliingia, pangaboi likapiga ardhi likavunjika vipande. Hatukuumia, alhamdulillahi, ila tulikaa majuma mengi tukingoja pangaboi jipya kutoka Lindi.

Katika majuma yale nilipata wazo, nikamweleza Bwana. Nilimwambia kila kijiji chenye kiwanja tukiachie kitambaa cheupe cha merikani, pima nne. Siku ya kuja kwetu mtu mzima mmoja akitembee kiwanja chote kwa miguu, afukie mashimo, afukuze ng'ombe na mbuzi, kisha akitandike kitambaa mwanzoni mwa kiwanja na kukiwekea mawe pembeni. Tukikiona tunatua. Tusipokiona, hatutui, hata kama mfalme anatungoja.

Bwana akanipa mkono. Ilikuwa mara ya kwanza kunipa mkono. Nilijisikia mtu mkubwa. Tuligawa merikani Chiola, Kiegei na Narung'ombe, na mwaka mzima hatukuvunja kitu.

Kule Narung'ombe kitambaa nilimkabidhi mzee mmoja aliyekuwa na sauti kijijini.

"Mzee, kitambaa hiki ni cha ndege. Kisitumike kwa kazi nyingine yoyote."

"Hata kufutia pua?"

"Hata kufutia pua."

"Basi ndege yenu ina heshima kunishinda. Mimi sina hata leso."

Mzee huyo ndiye aliyekuja kuwa mjomba wangu kwa ndoa. Mpwa wake, binti wa dada yake, alikuwa anatuletea maji ya kunywa tukipima visima, na tofauti na wengine hakuiogopa ndege. Aliizunguka yote, akabonyeza bawa kwa kidole, akaniuliza kwa nini haina manyoya. Nikamjibu kuwa imenyonyoka kwa uzee. Alicheka, nami nikajua sitarudi Nachingwea nikiwa mtu yuleyule. Kwa desturi ya Wamwera mtoto ni wa ukoo wa mama, na neno la mjomba ndilo neno. Nilimwendea na watu wangu, akanichunguza kama anayenunua mbuzi, akaridhia. Kwa hiyo ndege ndiyo iliyonipa mke, na sikuisahau fadhila hiyo.

Tulikaa Nachingwea karibu miaka miwili. Mke wangu alikuwa mtu wa maneno machache yenye ncha. Nikirudi jioni husema, "Fundi wa ndege, nawa mikono, unanuka ndizi." Ombi lake kwangu lilikuwa moja tu: apande ndege. Nilimwahidi, nikamwomba Bwana, Bwana akakubali, lakini kila mara kulikuwa na safari nyingine, mzigo mwingine. Halafu akashika mimba, na kwa kuwa ni uzazi wa kwanza ilipasa akajifungulie kwa mama yake. Nilimwomba Bwana tumpeleke kwa ndege. Alitikisa kichwa.

"Tumbo kubwa hapana juu. Kwanza nazaa, halafu naruka."

Nilipomfikishia jibu hilo mke wangu alikuwa anafunga mizigo.

"Mwambie nimemsikia," alisema. "Nikizaa nitapanda. Nataka kuliona paa la nyumba ya mama kwa juu. Mama anasema linavuja, mjomba anasema halivuji, kila masika wanagombana. Nitaamua mimi."

Aliondoka kwa lori la ufuta, amekaa mbele na dereva, mkono wake nje ya dirisha. Huo mkono ndio nilioubakiza machoni.

Ilikuwa msimu wa kuchoma mashamba, kabla ya mvua. Siku hiyo baada ya adhuhuri nilikuwa ninapaka kiraka. Nikamwona shemeji yangu, kaka wa mke wangu, anakuja na baiskeli uwanjani, anayumba kama mlevi. Alikuwa ameondoka Narung'ombe alfajiri. Hakunisalimia.

"Uchungu umemshika tangu juzi," alisema. "Mtoto hatoki. Mkunga amesema mpelekeni kwa daktari. Mjomba amesema, lete ndege."

Nilimwuliza, "Kiwanja kiko wazi?"

"Kiko wazi. Tumekifyeka na kukifagia jana yote, wanaume kwa wanawake."

Sikuuliza neno la pili. Nimejiuliza neno hilo mimi mwenyewe maisha yangu yote. Mtu aliyebuni kitambaa hakuuliza habari ya kitambaa.

Bwana Mpimaji hakusita. Aliacha chakula mezani. Tulitoa kila kitu kwenye kiti cha nyuma, nikatandika blanketi, nikazungusha pangaboi, tukaruka. Shemeji alibaki amekaa chini karibu na baiskeli yake. Nilimwona akiinua mikono kuomba dua.

Nchi yote ilikuwa moshi. Kila shamba kutoka Nachingwea hadi vilima vya Ruangwa lilikuwa linawaka au limeshawaka, na jua lilikuwa jekundu mchana. Tulifuata barabara, tukaipoteza, tukaipata. Mkononi nilikuwa na tasbihi lakini sikuhesabu kitu. Nilikuwa napanga jinsi ya kumlaza, kichwa upande gani, miguu upande gani, na nilipata hata wasaa wa kufurahi kidogo, Mungu anisamehe, kwamba atapanda ndege.

Narung'ombe ilitokea chini yetu ghafla. Kiwanja kilikuwa kimefagiwa, kweli, chekundu kama jeraha. Na kilikuwa kimejaa watu. Kijiji kizima kilisimama katikati, mikono juu, wanapunga. Kitambaa hakikuwepo.

Bwana alizunguka mara ya kwanza. Nilitafuta pande zote mbili. Akazunguka mara ya pili, akashuka chini sana ili watu watawanyike. Badala ya kukimbia pembeni, walitukimbilia. Akainua pua ya ndege, na jasho lilikuwa linamtiririka shingoni.

"Watu nakataza!" alipiga kelele kushinda injini. "Hapana kitambaa, watu nakataza!"

"Hawakatazi, bwana! Wanatuita! Tua, bwana, mke wangu yuko pale!"

"Shimo! Iko shimo, wao nasema hapana!"

"Bwana, tafadhali. Wamekifagia. Tua."

Alinigeukia. Hakuwa na hasira. Macho yake yalikuwa ya mtu anayeomba asaidiwe.

"Wewe nasema. Wewe mwenyewe nasema, hapana kitambaa, hapana tua. Nikivunja ndege hapa, yeye nakufa, sisi nakufa. Wewe mwenyewe nasema."

Lilikuwa neno langu.

Alizunguka mara ya tatu, juu kidogo. Tulipita juu ya nyumba ya mama mkwe. Niliona uani wanawake wamekaa chini, niliona mafiga, na nililiona paa. Upande wa jikoni nyasi zilikuwa zimeoza, doa jeusi la upana wa mkeka. Mama ndiye aliyesema kweli. Mke wangu alikuwa chini ya paa hilo, na niliambiwa baadaye kwamba aliisikia ndege, akasema, "Huyo amekuja," akatulia.

Kisha moshi ukatufunika, tukarudi.

Bwana alinipa gari lake na dereva wake, na shemeji akapanda nami bila kuuliza kitu. Barabara ilikuwa mbaya na mara mbili tulikwama. Tulifika Narung'ombe jua linachomoza, na mtu wa kwanza niliyemwona alikuwa amebeba jembe kuelekea makaburini.

Walipoona ndege imeondoka walimlaza juu ya kitanda cha kamba, wanaume wanne wakakibeba kuelekea Ruangwa, wakipokezana. Hakufika. Alikata roho njiani, na mtoto wake tumboni. Wakageuza kitanda.

Mjomba alinipokea mlangoni. Alikuwa mtu mrefu, lakini asubuhi ile alikuwa mfupi.

"Mkwe," alisema, "kabla hujaingia, sikia kwangu, usisikie kwa mwingine. Kitambaa chako nilikitoa mimi."

Alinieleza tukiwa tumesimama. Mwezi uliopita alifariki mzee mmoja pale kijijini, mgeni asiye na ndugu, aliyekuwa analinda mashamba ya watu. Maduka ya Ruangwa siku zile hayakuwa na merikani, nguo zilikuwa hazijafika. Maiti hawezi kungoja lori. Mjomba akakata kitambaa cha ndege, akamkafini, kikawa sanda yake.

"Nilisema ndege haiji mpaka mvua zipite," alisema. "Nilisema nitanunua kingine."

"Ulifanya sawa, mjomba," nilimwambia. Na ilikuwa sawa. Kumkafini na kumzika Mwislamu ni faradhi juu yetu sote. Asingefanya yeye, dhambi ingekuwa ya kijiji kizima. Mimi mwenyewe ningekitoa.

"Sijamaliza," alisema.

Bibi yake mke wangu, mama wa mjomba, alikuwa na sanda yake tayari. Wazee wetu huiweka mapema ili wasimsumbue mtu. Alikuwa ameifua, ameifukiza udi, ameikunja ndani ya sanduku chini ya kitanda. Siku ile walipofagia kiwanja, bibi alilitoa sanduku uvunguni, akasema, "Si mnataka kitu cheupe? Tandikeni hii." Mjomba akakataa. Kwetu sanda haitolewi sandukuni nyumba ikiwa na mzazi, yaani mwanamke aliye karibu kujifungua. Kuitoa ni kuita, na haijulikani atakayeitika ni nani. Akamwambia mama yake airudishe. Bibi akang'ang'ania, "Mimi ndiye mwenyewe, mimi nimeruhusu." Mjomba akalifunga sanduku, akalikalia.

"Nilisema watu wote wakisimama kiwanjani na kupunga, rubani ataelewa," alisema. "Ni mtu gani atakayeona watu wanamwita, asishuke?"

Nikaingia ndani. Wanawake walikuwa wamekwisha kumwosha. Bibi alikuwa amekaa sakafuni na mkasi, anaikata sanda yake kwa kipimo cha mjukuu wake. Harufu ya udi ilijaa chumba kizima. Aliniona, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mwanangu, shika huku, kitambaa kinanikimbia." Nikashika pembe, tukakata pamoja.

Tulimzika kabla ya adhuhuri. Mtoto tulimwacha alipokuwa.

Watu huniuliza kama nilimchukia mjomba, au Bwana, au desturi. Nilisoma dini baada ya hapo miaka mingi, na nimefundisha watoto wa watu. Najua kwamba lile la sanda na mzazi halimo katika kitabu chochote. Lakini siku ile, kama ningekuwa mimi niliyekaa karibu na sanduku, na mke wangu analia chumba cha pili, nami ningelikalia. Mjomba alikuwa anamlinda. Bwana alikuwa anatulinda. Na kanuni yangu ilikuwa ya kulinda. Sote tulikuwa tunalinda.

Bwana Mpimaji alikuja siku ya tatu. Hakuja kwa ndege. Alikaa mkekani na wanaume, kofia mapajani, na alipoondoka akanishika bega.

Baada ya arobaini nilirudi kazini, kwa sababu fisi hawana matanga. Niliipenda ndege ile na sikuweza kuitazama. Siku moja nikishona kiraka nilimwona mjomba anakuja uwanjani kwa miguu, vumbi mpaka magotini. Ametembea kutoka Narung'ombe, siku mbili.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mkwe." Akalitua furushi la nguo alilolifunga mgongoni, akalifungua. Ilikuwa merikani mpya, pima nne, bado inanuka duka. "Nimeleta kitambaa chako. Zamu hii hata pua sikufuta."

Alijaribu kucheka na uso ukamkatalia. Nikakipokea kwa mikono miwili, maana kukikataa kungemwua. Akaizunguka ndege polepole, kama alivyoizunguka mpwa wake, akabonyeza bawa kwa kidole.

"Nilikuwa nadhani ni chuma," alisema.

"Ni kitambaa, mjomba."

Alikaa chini ya bawa, akafunika uso. Nikakaa naye. Tulikaa mpaka alasiri, tukaswali pale pale kivulini.

Bwana aliondoka na ndege yake mwaka uliofuata. Mimi ndiye niliyezungusha pangaboi. Alitaka kunichukua mpaka Lindi, tupitie juu ya Narung'ombe. Nikamshukuru, nikasema paa lile nimekwisha kuliona. Mama mkwe nilimwezekea nyasi mpya kabla ya masika.

Mungu alinipa mke mwingine, watoto na umri mrefu, na kwa kila kimoja namshukuru. Merikani ile ninayo. Imekuwa ya manjano kidogo, nimeifua na kuifukiza udi, imekunjwa sandukuni chini ya kitanda hiki ninachoandikia. Ni sanda yangu. Juzi binti yangu mkubwa alikuja kulala kwangu, mimba yake imekomaa, na nilimwona akilitazama sanduku na kulisukuma ndani zaidi kwa mguu, taratibu, asinione.

Nikamwita. Nililivuta, nikalifungua mbele yake, nikamwekea kitambaa mapajani.

"Baba, kirudishe," alisema. "Nyumba ina mzazi."

"Ndiyo maana nimekitoa," nilimwambia. "Mimi nitazikwa hata kwa kipande cha gunia, Mungu hatanikataa. Aliye hai akikihitaji, hata kwa kufuta damu, hata kwa kutandika barabarani gari lisimame, kitoeni. Msiniulize. Kama nimelala, msiniamshe."

Alikishika kitambaa, akakikunja upya, vizuri kuliko nilivyokikunja mimi. Hakukirudisha sandukuni. Alikiweka juu ya kiti, karibu na mlango, na usiku ule kilikaa pale.